Rafiki Yake wa Jeshini

Babu alipofariki Aprili mwaka jana, kamati ya mazishi ilinipa kazi mbili: kuandika wasifu wa marehemu, na kupanga picha za programu. Mnaijua ile programu, kurasa nane za karatasi ya kung'aa, picha zimejaa hadi pembeni na maneno madogo chini ya kila moja. "Si wewe ndiye msomi," baba mkubwa aliniambia, na watu wakacheka kidogo. Kila mtu kwenye kile kikao alijua niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhindikana. Nilichokuwa nasoma ni historia. Digrii sina, lakini kwetu ikipatikana karatasi ya zamani ambayo hakuna anayeielewa, huletewa mimi.

Picha kumi na moja hazikunisumbua. Babu na baiskeli. Babu nje ya duka lake. Babu na wajukuu Krismasi, mimi nikilia pembeni. Ya kumi na mbili ilinikalisha siku nne, na fundi wa kuchapisha pale River Road alitaka kila kitu kufikia Alhamisi saa sita.

Ni picha ya studio, ndogo kuliko kiganja, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyuma kuna pazia lililochorwa nguzo na maua. Watu ni saba. Mbele wameketi watatu: mzee aliyevaa koti zito, fimbo katikati ya magoti, na mwanamke kila upande. Wa kushoto ana msichana wa miaka sita au saba aliyesimama akimwegemea. Wa kulia amepakata mtoto mchanga. Nyuma yao wamesimama vijana wawili wenye sare za jeshi, kofia pana zimekunjwa upande mmoja.

Maelezo ya familia yalikuwa tayari, na hayakuwa na mjadala. Askari wa kushoto ni Mzee Keya, baba yake Babu. (Jeshi lao liliitwa King's African Rifles, kwa kifupi KAR, na watu wetu wakalitamka keya. Aliyerudi kutoka huko mara nyingi alirudi na hilo jina.) Mzee aliyeketi katikati ni baba yake Mzee Keya. Wale wanawake ni wake wawili wa Mzee Keya, mkubwa na mdogo. Msichana ni wa mke mkubwa. Mtoto mchanga ni Babu, wa mke mdogo. Picha ilipigwa 1946, Mzee Keya aliporudi kutoka Burma.

Na askari wa kulia?

"Huyo ni rafiki yake wa jeshini."

Jibu hilo nimelisikia tangu nikiwa darasa la pili. Huwa linasemwa haraka, kisha mtu anaulizwa kama ataongeza chai.

Nilianza na hesabu ndogo ambayo sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuifanya. Kitambulisho cha Babu kinasema alizaliwa 1943. Najua miaka ya vitambulisho vya wazee, nyingi ilikisiwa mbele ya karani. Lakini mtoto wa kwenye picha hata shingo haijakaza. Kama picha ni ya 1946, basi Babu alikuwa na miaka mitatu na bado anapakatwa kama wa wiki sita. Haiwezekani.

Nikarudi kwenye sare. Niliskani picha kwa ubora wa juu kabisa kwenye saiba moja pale Umoja, nikaikuza hadi nyuso zikawa madoadoa. Vijana wote wawili hawana medali. Mzee Keya alikuwa nazo, tena moja ni Nyota ya Burma, mpaka leo iko kwenye mkebe wa majani chai nyumbani. Medali hizo zilitolewa baada ya vita. Pia begani hakuna kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliundwa mapema 1943, ikapelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kujifunza vita vya msituni. Mwaka uliofuata iliingia Burma, ikashuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, na Desemba 1944 ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Kukosa alama peke yake si ushahidi wa kufunga mtu jela. Lakini ukiweka pamoja mtoto, vifua vitupu na mabega matupu, picha inakuwa ya kabla ya safari. Si picha ya kurudi. Ni picha ya kuaga.

Mimi nilikuwa nimeiangalia maisha yangu yote kama picha ya sherehe. Sasa nikaona jinsi mzee wa katikati alivyoishika fimbo.

Huyo mzee alikuwa na sababu. Familia inasema yeye mwenyewe alipitia Kariokor kwenye vita vya kwanza. Kariokor, kabla ya kuwa soko la kwenda kununua kiondo na kula nyama choma, ilikuwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba chakula na risasi za Waingereza kwa vichwa na mabega hadi Tanganyika. Sanamu zao ziko Kenyatta Avenue, tunazipita tukikimbilia matatu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, hawakukumbukwa sawa na wenzao baada ya vita hivyo vya kwanza. Wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Mzee huyu alirudi akiwa hai, kwa hivyo hata kwenye hesabu hiyo hayumo. Halafu 1938 serikali hiyo hiyo ikaanza kuwauza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba, ikisema wamezidi. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwa miguu hadi Nairobi kudai mifugo yao, na baadaye akahamishiwa Lamu kama mfungwa. Mwaka mmoja ukapita, vita vikaanza, na serikali ikarudi Machakos kutafuta vijana. Karibu Wakenya 98,000 waliingia jeshini katika vita vya pili, na Wakamba walikuwa wengi mno kuliko idadi yao. Waingereza walisema ni kwa sababu Wakamba ni kabila la vita. Mtu aliyepunguziwa ng'ombe na bado anadaiwa kodi anaweza kuwa na maelezo mengine.

Siku ya pili niliacha sare, nikaanza kuangalia mikono.

Askari wa kulia ameweka mkono wake begani mwa mzee. Si nyuma ya kiti. Begani kabisa, vidole vimetulia. Jiulize wewe, umeingia studio na baba ya rafiki yako, mtu mzima wa Kikamba wa 1943, halafu umshike bega? Nikapima masikio. Masikio ya askari wa kulia yamechomoza juu kidogo, kama ya mzee, kama ya Babu, kama yangu. Kisha nikaona jinsi walivyopangwa. Mke mkubwa ameketi mbele ya Mzee Keya. "Mke mdogo" ameketi mbele ya rafiki, na mtoto wake yuko usawa wa mkanda wa rafiki. Mpiga picha hakuwajua watu hawa. Aliwauliza nani ni wa nani, akawapanga.

Nilimpigia baba simu. Nikamuuliza kama Mzee Keya alikuwa na ndugu. Kimya. Halafu: "Kulikuwa na mmoja alichukuliwa na maji."

Hilo nalo nilikuwa nalijua. Kila familia ya kwetu ina mtu aliyechukuliwa na maji. Mto Athi ukifurika hauchagui. Tulipokuwa wadogo tulitishwa na huyo mtu ili tusiogelee. Sikuwahi kuuliza ni maji gani.

Kwenye ile picha, kofia ya askari wa kulia ina beji ndogo upande uliokunjwa. Beji ya KAR ni baragumu. Hii haina umbo la baragumu. Ina kitu cha mviringo chini na kitu kirefu kilicholala juu yake, kama gurudumu na mzinga. Ningeapa ni mzinga, ingawa najua jicho linalotaka kitu hukiona. Waafrika wa Mashariki walikuwa na kikosi chao cha mizinga, East African Artillery. Nikaandika jina hilo kwenye simu pamoja na neno "kuzama", na kwa dakika kumi sikuweza kunywa chai iliyokuwa mbele yangu.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mmojawapo wa meli hizo iliitwa Khedive Ismail, na ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, wakiwa njiani kwenda kuongeza nguvu kwa vita vya Burma. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi na askari wa kike kutoka Uingereza, na Waafrika Kusini wachache. Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliipiga kwa torpedo. Meli ilizama chini ya dakika tatu. Waliokuwa chini hawakupata hata muda wa kupanda ngazi. Halafu kuna sehemu ambayo niliisoma mara tatu: manowari za Uingereza zilizokuwa zikilinda msafara ziliisaka nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji, na waliokuwa wameokoka torpedo walikuwa bado wanaelea pale pale. Nyambizi ilizamishwa. Watu 1,297 walikufa.

Alichukuliwa na maji. Familia haikuwahi kusema uongo. Ilisema ukweli nusu, ikamwachia Athi ajaze nusu nyingine.

Jumatano asubuhi nilipanda matatu hadi makaburi ya vita ya Ngong Road. Mahali pazuri, nyasi zimekatwa, ndege wanaimba, unaweza kupita miaka kumi usijue kuna nini nyuma ya ile miti. Ndani kuna kumbukumbu ya Afrika Mashariki, ya wale ambao makaburi yao hayajulikani, na waliozama na Khedive Ismail wameandikwa hapo. Nilitafuta jina ambalo baba alinipa kwenye simu. Nililipata mara mbili. Watu wawili, herufi moja tofauti, vile karani mgeni alivyosikia. Sisi tunapeana majina ya babu zetu, kwa hivyo jina moja linazunguka ukoo mzima na vijiji vya jirani. Mmoja wa hawa wawili anaweza kuwa wetu. Inawezekana pia wote ni wa watu wengine. Nilisimama pale na simu mkononi, nikapiga picha majina yote mawili.

Nilijaribu na medali ya Mzee Keya, nikidhani labda ubavuni kuna jina la kuanzia. Hakuna. Medali ambazo Uingereza ilitoa baada ya vita vya pili hazikuchongwa majina, tofauti na zile za vita vya kwanza. Ukiipoteza, ni ya aliyeiokota.

Karatasi ziliishia hapo. Kilichobaki ni yule msichana wa kwenye picha.

Yuko hai. Ana karibu miaka tisini, anaishi Kangundo, na kwetu bibi huitwa susu, kwa hivyo sote tunamwita Susu. Nilifika jioni nikamkuta ameketi nje akichambua mbaazi. Nilimsalimu, nikakaa chini, nikamwekea picha mapajani. Hakuvaa hata miwani.

"Ile siku walininunulia mandazi nisilie," alisema. Kisha akaweka kidole juu ya askari wa kulia. "Huyu ndiye mdogo wa baba yangu. Na huyu hapa chini ni mke wake."

Si mke wa Mzee Keya?

"Alikuja kuwa. Baadaye."

Alinieleza polepole, akirudi nyuma mara kwa mara kurekebisha. Askari aliweza kupanga sehemu ya mshahara wake ilipwe mke nyumbani. Kila mwezi yule mama alimfunga mtoto mgongoni akaenda ofisini kuchukua shilingi zake. Mwezi mmoja akaambiwa hakuna. Akarudi mwezi uliofuata. Hakuna. Wa tatu ndipo mtu alipomwambia asirudi tena. Hakukuwa na mwili wala kaburi, na mtu asiye na kaburi watu hawakujua wamlilie wapi. Vita vilipoisha Mzee Keya alirudi, akaambiwa, akakaa ndani siku nyingi. Halafu akamchukua mjane wa ndugu yake pamoja na mtoto, kama ilivyokuwa desturi. Mtoto akamwita baba, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwita.

"Alikuwa baba mzuri," Susu alisema. "Usiandike vingine."

Nikamuuliza lini ndugu aligeuka rafiki.

"Wakati wa kupima mashamba."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini chai huongezwa haraka. Shamba lilikuwa la yule mzee wa katikati, na alikuwa na wana wawili. Miaka ya baada ya uhuru, serikali ilipoanza kupima na kuandikisha ardhi, na sheria ya 1968 ikaweka kamati za kusikiliza nani ana haki gani, aliyesimama mbele ya kamati aliandikwa. Aliyekuwa chini ya Bahari ya Hindi hakusimama. Likaandikwa jina moja, Mzee Keya, shamba zima. Na Mzee Keya alipolikata kwa wanawe, alilikata mara tano sawasawa, Babu akiwa mmoja wa watano. Akapata upande wa mawe, lakini akapata. Hakuna aliyemnyima. Ila kama askari wa kulia ni ndugu, basi nusu nzima ilikuwa yake, na Babu ndiye mtoto wake wa pekee. Kama ni rafiki, basi moja ya tano ni ukarimu.

"Babu alijua?" niliuliza.

Susu alichambua mbaazi kidogo. "Mtu huwa anajua kiti alichokalishwa."

Usiku ule niliandika maelezo ya picha ya kumi na mbili, majina yote saba, na baada ya jina la askari wa kulia nikaandika: *baba mzazi wa marehemu, aliyefariki baharini Februari 1944*. Nikamtumia baba mkubwa. Alipiga simu kabla hata zile alama za WhatsApp hazijageuka buluu.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. "Kijana wangu," alisema, "unajua hati ya shamba bado iko kwa jina la Mzee Keya?" Nilijua. "Unajua binamu zetu wako kortini wanataka kugawa upya?" Hilo sikulijua. "Sasa wewe unataka tusimame kwenye kaburi la baba, mbele ya hao hao binamu, tusome kwamba hakuwa mtoto wa Mzee Keya. Wakili wao atahitaji nini tena?"

Nikamwambia kwamba ukweli huo huo unaweza kutupa nusu.

"Unaweza," alisema. "Au unaweza kututoa kwenye hata hicho kipande cha mawe. Wewe unaishi Umoja. Mimi naishi pale."

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina lote. Darasani tulifundishwa kwamba kazi ya mwanahistoria ni kurudisha majina ya waliofutwa. Hatukufundishwa kwamba wakati mwingine anayefuta anajaribu kulinda mtoto wa aliyefutwa. Mzee Keya alimpoteza ndugu yake kwa maji, kisha akamfuta mwenyewe kwenye karatasi. Labda kwa tamaa. Labda aliona kamati haitamsikiliza mtu aliyekufa, na njia rahisi ya kumpa yule mtoto ardhi ni kumfanya wake kabisa, bila swali. Susu anaamini hilo la pili. Mimi natamani kuliamini.

Programu ilitoka Alhamisi. Chini ya picha ya kumi na mbili imeandikwa: *Marehemu akiwa mchanga, pamoja na familia. Miaka ya 1940.* Nilisoma wasifu mbele ya hema limejaa, nikasema "mwana wa Mzee Keya", na haukuwa uongo. Susu alikuwa mstari wa mbele. Nilipomaliza aliifungua programu yake kwenye ukurasa ule, akaiweka mapajani, ikabaki wazi hadi jeneza liliposhushwa.

Kesi ya ardhi imeahirishwa tena. Baba ameniruhusu kuandika haya mradi nisitaje jina la mtu wala la kijiji, na nimetii. Baba mkubwa anajua ninaandika. Aliniambia nisimwonyeshe.

Maelezo yaliyokosa nafasi kwenye programu ni haya. Picha ya studio, 1943, kabla ya kwenda vitani. Katikati: mzee aliyetoka Kariokor akiwa hai, na wanawe wawili nyuma yake. Kushoto: kaka mkubwa, aliyefika Burma na kurudi. Mbele yake, mke wake, na binti yao aliyenunuliwa mandazi asilie. Kulia, mkono begani mwa baba yake: mdogo wake, askari wa mizinga. Mbele yake, mke wake na mtoto wao.